Mchagua Jembe

Methali husema kuwa mchagua jembe si mkulima. Maneno yenyewe ni machache, lakini yamewanyamazisha watu wengi. Kijana akisimama mbele ya duka la vyuma mjini Tanga, akaipima patasi moja kwa jicho na nyingine kwa ncha ya kidole, mzee apitaye huweza kumtupia methali hii. Kijana akaona haya, akanunua iliyo karibu na mkono wake, akaenda zake. Mkulima wa kweli, methali yadai, hulima kwa jembe lolote. Mvivu ndiye atafutaye kasoro ya mpini. Hapana shaka kuwa neno hili lina ukweli. Lakini methali ni kama taa ya chemli: huangaza mahali ilipotundikwa, na pembe nyingine za chumba zikabaki gizani.

Lililobaki gizani ni swali hili: je, kuchagua zana ni jambo la anasa tu, au ni jambo lenye haki na batili ndani yake? Aghalabu swali hili huachiwa wafanyabiashara, nao hulijibu kwa bei. Walakini mtu aanzishaye karakana nyumbani kwake, barazani au uani, hachagui chuma peke yake. Huchagua namna atakavyoutumia mkono wake, namna atakavyokaa na jirani zake, na nani atakayeweza kujifunza kwake. Uchaguzi wa namna hiyo wastahili kutiwa katika mizani nyingine mbali na mizani ya fedha.

Shahidi wa kwanza wa kuitwa ni fundi wa vyombo vya bahari. Katika mwambao wa kaskazini, tangu Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Pangani na Kipumbwi, majahazi, mashua na ngalawa zimejengwa kwa vizazi vingi na watu ambao zana zao zote zaweza kuingia katika kikapu kimoja. Mna shoka, tezo, msumeno, nyundo, randa, patasi mbili tatu, juba, bobari, chembeu ya kukalafatia, na keke. Mgeni akikitazama kikapu hicho huona umaskini. Akilitazama jahazi lililotoka katika kikapu hicho, likiwa limebeba boriti au chumvi na kupanda mawimbi ya kusi, hupaswa kuihukumu upya hesabu yake. Kosa lake ni kuhesabu zana. Fundi huhesabu kazi ambazo zana moja yaweza kufanya. Tezo ile ile huchonga mkuku, hufuata pindo la taruma, husawazisha ubao, na katika mkono uliozoea huacha uso wa mti karibu kuwa laini kama uliopigwa randa. Mpini wake umekatwa kwa kimo cha mwenyewe. Mtu mwingine akiishika humpiga mguuni.

Keke yastahili kuelezwa kwa urefu zaidi, maana katika umbo lake mna fikra nzima. Kijembe cha chuma, ndicho kitobozi, kimetiwa katika msukano wa mti. Msukano huzungukia ndani ya jivu, nalo hushikwa kwa kiganja cha mkono mmoja. Mkono wa pili huvuta uta, na kamba ya uta iliyozungushwa msukano huupeleka huku na huku. Karibu yote ni mti na kamba, vitu ambavyo fundi aweza kuvipata katika mabaki ya kazi yake mwenyewe. Sehemu moja tu, kijembe, hutoka kwa mhunzi. Kazi yake si ndogo. Msumari wa jahazi haupigwi ovyo katika ubao mgumu, kwa kuwa ubao hupasuka. Hutobolewa tundu kwanza, ndipo msumari uliozungushiwa pamba yenye mafuta upigwe, ili maji yasipate njia ya kupenya. Chombo kimoja chataka matundu mamia kwa mamia, na kila tundu moja ni dakika za kuvuta uta chini ya jua.

Keke ya umeme hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi mno. Hapana mwenye akili timamu atakayemlaumu fundi akiitwaa, wala hapana sifa yoyote katika kuumwa na bega bila sababu. Wako watu wa mjini wapendao kuona wengine wakifanya kazi kwa zana za kale, nao wenyewe huenda kazini kwa gari. Mapenzi yao ni ya macho, hayamnoshei fundi uji. Lakini tofauti ya keke hizi mbili si ya mwendo tu. Ya kwanza ikiharibika, mwenye nayo hupaona palipoharibika, akakata kamba mpya au akachonga msukano mwingine kabla ya adhuhuri. Ya pili ikinyamaza, mwenye nayo hana la kuiambia. Huipeleka kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo humwambia anunue nyingine. Aliyenunua zana asiyoweza kuijibia amenunua nusu yake; nusu ya pili imebaki dukani.

Basi kila zana huingia nyumbani pamoja na madai yake. Hudai kunolewa. Hudai mafuta, hasa katika mji kama Tanga, ambako hewa ya chumvi huweza kulipaka kutu jani la patasi lililosahauliwa kwa siku chache. Hudai mahali pa kukaa pasipofikiwa na watoto. Hudai saa za mwenyewe, ili mkono upate kuzoea uzito wake. Hudai pia kwamba isiwadhuru watu wasiohusika na kazi yenyewe. Mtu aliye dukani huulizwa kama anayo fedha. Swali lililo zito zaidi ni kama ataweza kuyalipa madai hayo yote baada ya fedha kutoka. Msomaji aweza kusema kuwa huku ni kulikuza jambo dogo. Na uchunguzwe msumeno.

Kwa miaka mingi msumeno wa mkono uliuzwa ukiwa na meno ya chuma kinachokubali tupa. Ukinunuliwa hata ukiwa butu haukuwa hasara. Fundi aliubana kati ya mbao mbili, akatwaa tupa ya pembetatu, akanoa jino moja moja, kisha akayapinda meno kwa zamu, hili kulia na hili kushoto, ili njia iwe pana kuliko jani na msumeno usikwame katika mti mbichi. Kazi hiyo ilikuwa somo zima. Mwanagenzi aliyejua kunoa alijua pia kwa nini meno ya kupasua kwa urefu wa ubao hayafanani na meno ya kukata upana wake. Naye aliyejua hilo alikuwa ameanza kuijua nyama ya mti yenyewe.

Sasa maduka yamejaa misumeno ambayo meno yake yamechomwa kwa umeme na kupozwa kwa ghafula kiwandani, hata yakawa magumu kama tupa au kuipita. Weusi au ubuluu uliopo katika meno hayo ndio alama yake. Haki isemwe: msumeno huu hubaki mkali kwa muda mrefu kuliko ule wa zamani, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Lakini siku ukali wake unapokwisha, tupa huteleza juu yake. Hauna tiba, hutupwa. Mtu mmoja akiununua hakufanya kosa. Watu elfu wakiununua hawakufanya kosa, kila mmoja kwa nafsi yake. Hata hivyo, kizazi kikipita, mtaa mzima waweza kukosa mtu mmoja ajuaye kunoa msumeno, na hapana siku hata moja ambayo mtu yeyote aliamua ujuzi huo upotee. Wanafunzi wa maadili wamezoea kutafuta mkosaji panapokuwa na hasara. Hapa pana hasara isiyo na mkosaji, na hiyo ndiyo inayotaka kufikiriwa kuliko nyingine, maana hukumu haiwezi kuizuia. Yaweza kuzuiwa tu na watu wachache wanaochagua kwa kutazama mbele ya mahitaji yao.

Hapo maskini hupata hoja yake, na hoja yake ni nzito. Kijana wa Ngamiani aliyekodi kibaraza katika barabara mojawapo ya zile zenye nambari, mwenye kitanda cha kumaliza kabla ya Ijumaa, hana nafasi ya kuchagulia kizazi kijacho. Atanunua zana ambayo fedha yake yaifikia, na kwa zana hiyo atapata chakula cha leo. Kumwambia kuwa rahisi ni ghali ni kumwambia jambo analolijua vema kuliko amwambiaye, kwa kuwa ndiye alipaye mara mbili. Hekima isiyoujua ukosefu wa fedha si hekima kamili. Kwa hiyo lawama, ikiwa ipo, haimshukii yeye. Yamshukia mwenye uwezo wa kununua patasi moja njema naye akanunua seti ya patasi kumi na mbili mbovu, kwa sababu zimepangwa vizuri katika mkoba.

Wala si kweli kuwa maskini hana njia ya kuchagua kabisa. Njia yake ni jicho. Katika zana za mtumba zinazouzwa chini, juu ya gunia, mna vyuma vya zamani vilivyo bora kuliko vingi vinavyong'aa dukani. Msumeno hutazamwa kwa kuelekezwa jichoni kama bunduki, ionekane kama jani limenyooka. Kisha hupindwa polepole mpaka uwe kama uta, na ukiachiwa warudi palepale ulipokuwa. Kutu ya juu huondoka kwa msasa na mafuta. Kutu iliyochimba mashimo penye makali haiondoki. Randa hugeuzwa tumbo juu na kuwekewa kipande cha chuma kilichonyooka, ionekane kama nuru yapita chini yake. Nyundo hutazamwa mahali kichwa kinapokutana na mpini. Vipimo, kama pima maji, timazi na pembe mraba, havihitaji maneno mengi: kipimo kinachodanganya kidogo ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa maana asiye na kipimo huwa na hadhari.

Historia ya Tanga yenyewe imeonyesha kwamba ujuzi na zana si lazima viishi nyumba moja. Reli iliyoanza kujengwa katika mji huo mwaka 1893, bandari, na mashamba ya mkonge yalilea mafundi wengi wa mitambo. Mkonge ulifika nchini mwaka huo huo wa 1893 kwa jitihada za Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyopona na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo kulitokea kilimo ambacho mwaka 1964 kilizaa tani zaidi ya 200,000 za singa. Kila shamba kubwa lilikuwa na mtambo wa kusaga majani, na kila mtambo ulikuwa na mafundi wake. Watu hao walijua kusikiliza beringi kwa sikio na kutambua mshipi uliolegea kabla haujakatika. Lakini spana waliyoishika ilikuwa ya shamba. Jioni ilirudi ghalani na kuandikwa katika daftari. Kamba za plastiki ziliposhika soko la dunia na mkonge ukaanguka katika miaka iliyofuata, wengi walikwenda makwao na ujuzi wote katika mikono miwili mitupu.

Hali hiyo ilikuwa na kinyume chake mbali na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliundwa huko Uingereza jumuiya iitwayo Tools for Self Reliance. Watu wake wa kujitolea, ambao makao yao yalikuwa Netley Marsh, karibu na Southampton, walikusanya zana kuukuu zilizolala katika nyumba za Waingereza: randa za wazee waliokufa, patasi za waliobadili kazi, vyerehani vilivyofunikwa vumbi. Walizisafisha, wakazinoa, wakazipanga kwa kazi, za useremala mbali na za uhunzi mbali, wakazipeleka Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuzipokea. Hapa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilikuwa mshirika wake. Jambo hili husimuliwa kama hadithi ya ukarimu, na ukarimu ulikuwapo. Walakini lina upande mwingine usiosemwa sana. Nyumba nyingi za nchi tajiri zilikuwa na zana zilizonunuliwa kwa matumaini na kuwekwa kwa majuto. Wenye nazo hawakuwa waovu. Walichagua kwa kutazama picha ya mtu ambaye wangependa kuwa, badala ya kazi iliyokuwapo mbele yao. Sehemu moja ya dunia ilikuwa na mikono isiyo na zana, na sehemu nyingine zana zisizo na mikono, na kati yao bahari.

Ni rahisi kudhani kuwa ugonjwa huo ni wa Ulaya tu. Na afikiriwe mstaafu wa Tanga apokeaye kiinua mgongo. Kwa miaka thelathini aliandika hesabu za watu, na moyoni mwake alitamani kutengeneza meza kwa mkono wake. Tamaa hiyo ni ya heshima. Pengine hapana tamaa ya uzeeni iliyo safi kuliko hiyo. Katika juma moja hununua msumeno wa duara wa umeme, randa ya umeme, kinu cha kukereza na jiwe la kunolea la mota. Mojawapo huwa ni ya kutoka Marekani, iliyoundwa kwa umeme wa volti 120. Huchomekwa katika umeme wa Tanzania wa volti 230, ikatoa moshi na kwisha siku hiyo hiyo. Hasara hii ni ya fedha tu. Iliyo kubwa zaidi bado.

Mji wa Tanga ulianza kupata umeme wa maporomoko ya mto Pangani katika miaka ya 1930; kituo cha Hale kikaongezwa mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani mwaka 1995. Nguvu hiyo ni neema kwa fundi. Lakini msumeno wa duara hauna uvumilivu wa msumeno wa mkono. Msumeno wa mkono ukikosea huchubua ngozi, na kosa lenyewe humfundisha mwenye nao. Wa duara, ubao unapobana jani, huurusha ubao nyuma kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuikinga, na kidole kilichokatika hakina somo la kutoa. Mzee huyu, kwa kuwa macho yake yamechoka, humwita kijana wa jirani amsukumie mbao. Kijana hakuulizwa kama ajua. Hakupewa miwani ya kukinga macho, wala kitambaa cha kufunika pua, ingawa vumbi la mvule huwasha kifua cha wengi. Kinga ya jani imeondolewa kwa kuwa ilikuwa ikisumbua. Hapa uchaguzi wa zana umekoma kuwa jambo la mtu na fedha yake: mzee amenunua hatari na kumkabidhi mwingine aishike. Jirani naye, ambaye ukuta wake ni mmoja na ukuta wa karakana, hupokea kelele wakati wa kulaza mtoto na vumbi juu ya nguo zilizoanikwa, bila kupata kiti wala meza.

Dola kubwa nazo zimefanya kosa la mstaafu huyo, kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalinunuliwa katika masalio ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Zana zilifika kabla ardhi haijajulikana. Mibuyu ilikataa kung'oka, na udongo wa Kongwa, ulipokauka, ukawa mgumu wa kuyavunja majembe ya chuma. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Katika nchi ile ile, mkulima wa Kigogo alikuwa akiujua udongo huo tangu utoto wake, na hapana dalili kuwa maarifa yake yalipewa uzito katika kuchagua trekta.

Methali sasa yaweza kusikilizwa kwa sikio jingine. Mchagua jembe anayechekwa ni yule ambaye kuchagua kumekuwa ndiyo kazi yake: leo jembe ni zito, kesho mpini ni mfupi, na mvua zapita. Huyo yupo hata katika karakana. Ana patasi za kila upana na hana kigoda hata kimoja alichokimaliza. Lakini mkulima aliyekwisha lima, ajuaye kuwa udongo wa bondeni hushika jembe pana na udongo wa mawe huvunja jembe jembamba, naye pia huchagua, wala hapana mwenye akili amchekaye. Tofauti ya watu hawa wawili haiko dukani; hapo hufanana kabisa, na ndiyo maana mzee apitaye aweza kumkosea haki kijana aliyesimama pale. Mmoja amekuja akiwa na kazi iliyomshinda jana mkononi, na mwingine amekuja akiwa na fedha.

Je, mtu asinunue zana yoyote mpaka kwanza ajue kuitumia? Sharti hilo lingefunga mlango wa elimu, maana hapana ajuaye randa kabla ya kushika randa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: huanzia mivukutoni, akiutazama moto na mkono wa baba yake, na nyundo humjia baadaye. Mpango wa mafundi wa kale ulikuwa wa namna hiyo. Mwanagenzi alianza kwa kufagia na kunoa, akapewa nyundo, akapewa msumeno kwa kazi isiyo na hatari, na mwishoni, alipokwisha kumpa fundi wake kilemba, akaanza kukusanya zana zake mwenyewe moja moja. Katika mpango huo zana ilitangulia ujuzi kwa hatua moja, haikuutangulia kwa hatua kumi. Mstaafu wa Tanga angenunua msumeno wa mkono, randa moja, patasi tatu, nyundo na kinoo, akatengeneza kigoda kibaya na cha pili chenye afadhali, kigoda cha tatu kingemwambia zana ya kununua kwa uhakika kuliko muuzaji yeyote.

Lipo jambo la kuazimana, na watu wengi hulielewa vibaya. Seremala ajulikanaye kwa ukarimu, ambaye hatamnyima jirani sukari wala sufuria, huombwa randa yake akakataa. Jirani huondoka akiwaza kuwa ufundi umemfanya mchoyo. Lakini jani la randa limenolewa kwa pembe iliyozoeana na mkono mmoja. Likipita juu ya msumari uliofichika katika ubao wa zamani, hupata pengo la kunolewa nusu siku. Kuna zana ambazo haki ya ujirani yazidai: ngazi, sepetu, mtaimbo, nyundo. Kuna nyingine ambazo kuzitoa ni kuitoa kazi ya kesho ya mtu mwingine, yule aliyelipa arubuni ya mlango wake. Seremala mwenye busara hasemi hapana; husema lete ubao. Huupiga randa mwenyewe mbele ya mwenye nao, na mara nyingi hakuna malipo yatajwayo. Kwa njia hiyo zana haikuazimwa, na haja ya jirani imetimia.

Mwisho huja kifo, ambacho huuliza tena swali la zana ni ya nani. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo Waislamu wa mwambao huifuata katika mirathi, mali ya marehemu hugawanywa baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia. Na wasia haupiti theluthi, wala haupewi mrithi. Watoto wa fundi huenda ni karani, mwalimu na dereva. Kikapu cha zana huhesabiwa pamoja na baiskeli na kitanda, na kwa kuwa tezo haigawanyiki, huuzwa ili fedha igawanywe. Mnunuzi wa kwanza kubisha hodi ni mwenye mizani ya vyuma chakavu, naye hupima tezo, patasi na bomba bovu kwa kilo moja. Wakati huo mwanagenzi aliyekaa miaka saba katika karakana ile, akaijua kila zana kwa uzito wake gizani, amesimama mlangoni pamoja na waombolezaji wengine. Yeye si mrithi, hana sehemu. Lakini kwa kuwa si mrithi, mlango wa wasia ulikuwa wazi kwake, na kikapu kizima aghalabu hakifiki theluthi ya mali ya mtu mwenye nyumba. Ilitosha fundi aseme maneno machache mbele ya mashahidi wawili, ataje tezo, keke na misumeno, na ataje jina la kijana.